PORI NALO NI JIRANI YETU

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi kambini, iliyosomwa Bujumbura katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya pori na maana yake katika maisha ya mwanadamu. Jambo hili lilipotangazwa, baadhi ya watu waliuliza: mkimbizi na pori, wapi na wapi? Sisi tunahitaji unga, dawa na madarasa. Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Kwa wengi wetu pori ni neno chungu. Wapo hapa waliotembea msituni majuma mengi mwaka 1996, wakila mizizi na kuzika watoto njiani. Februari 2025 maelfu ya ndugu zetu walivuka mto Rusizi kuja Burundi, na wengine maji yaliwachukua. Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba pori ni bustani ya maua. Lina nyoka, lina mbu, lina kiboko. Lakini tukumbuke pia kwamba lilituficha. Usiku ule ambao kila mlango ulikuwa hatari, mti haukumwuliza mtu kabila lake wala kitambulisho chake.

Tutazame sasa nchi hii iliyotupokea. Ukipanda milima iliyo juu ya mji huu na kuelekea kaskazini, utafika Kibira. Ni msitu wa hekta 40,000 hivi, unaoungana na Nyungwe ya Rwanda. Zamani wafalme wa Burundi waliulinda kwa ajili ya uwindaji wao. Mwaka 1933 Wabelgiji waliuandika kuwa hifadhi, na leo ni hifadhi ya taifa. Humo wanaishi sokwe. Mvua ikinyesha juu ya Kibira, maji ya upande mmoja huteremka Rusizi, huingia ziwa Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga na kwenda Kongo, nyumbani kwetu. Maji ya upande wa pili huenda Ruvubu, kisha Kagera, mpaka Nile na nchi ya Misri. Bwawa la Rwegura, lililojengwa pembeni ya msitu huo miaka ya 1980, kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya umeme wa Burundi. Basi hata mtu wa mjini ambaye hajawahi kuona Kibira, anaponywa maji au kuwasha taa, yumo katika deni la msitu.

Tazameni pia Rusizi, mto unaoingia ziwani karibu na mji huu. Matete na mikoche yake ni hifadhi, na mwaka 2002 sehemu hiyo iliandikwa katika orodha ya mataifa ya ardhi oevu zenye thamani. Matete yale watu huyaona kama uchafu, lakini kazi yake ni kuyapumzisha maji. Aprili 2020 mto ulipofurika Gatumba, maelfu ya Warundi walipoteza nyumba, wakaishi chini ya mahema kama sisi. Mvua zilikuwa kubwa, hilo ni kweli. Lakini mto ukinyang'anywa mahali pake pa kutanda, siku moja utakuja kukaa sebuleni kwako.

Ndugu wasikilizaji, lazima tuseme pia habari inayotuhusu sisi wakimbizi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Goma, wakawekwa katika kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, kandokando ya Hifadhi ya Virunga. Kila siku waliingia msituni, na mamia ya tani za kuni zilitoka. Mwishoni mwa mwaka huo huo UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini. Je, watu wale walikuwa waovu? Hapana. Maharagwe hayaivi kwa huruma. Waliopewa maharagwe makavu bila kuni walifanya ambalo mama yeyote angefanya. Kosa lilikuwa katika hesabu: chakula kilihesabiwa, moto haukuhesabiwa.

Upande mwingine tusisahau. Wapo waliofukuzwa ili pori libaki tupu. Batwa wa Kahuzi-Biega waliondolewa katika msitu wa mababu zao baada ya hifadhi kuundwa mwaka 1970, na ilichukua miaka zaidi ya hamsini hata Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu itangaze, mwaka 2024, kwamba haki zao zilivunjwa. Hata hapa Burundi, hifadhi ya Ruvubu ilipoundwa mwaka 1980, familia nyingi zilihamishwa. Sisi tunaojua uchungu wa kuhamishwa hatuwezi kushangilia pori la namna hiyo. Pori linalodumu ni lile ambalo jirani zake wanalitaka libaki.

Sasa nijibu lile swali la mwanzo. Maisha ya kambi ni ya mistari na namba. Kuna mstari wa maji, mstari wa unga, jetoni, karatasi ya familia, shitingi yenye vipimo sawa na ya jirani. Mpango huo ni wa lazima, na tunawashukuru wanaoutunza. Lakini mtoto anayekua humo anaweza kudhani kwamba dunia nzima imepimwa na kugawanywa. Niliwapa wanafunzi wangu wachore msitu. Karibu wote walichora mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, kama wanavyoiona vilimani. Hakuna kamba zinazopanda juu, hakuna ndege, hakuna giza. Ni watoto waliozaliwa kambini, na wazazi wao walitoka chini ya misitu ya Itombwe! Mwanadamu anahitaji kujua kwamba kuna mahali ambapo si yeye aliyepapanga, mahali anapoingia kwa adabu kama mgeni. Hapo hujifunza kunyamaza na kushangaa. Kwa mtoto wa kambi hitaji hilo si dogo kuliko kwa mtoto mwingine.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwanza, kwa mashirika: msilihesabu jambo la kuni mwisho wa karatasi. Mnapohesabu unga wa wageni waliofika, hesabuni na moto wa kuupikia. Binti anayetembea mbali kutafuta kuni huacha shule, naye hukutana na hatari ambazo akina mama hapa wanazijua. Moto ukipatikana kambini, mnamlinda binti na mnaulinda msitu kwa fedha ile ile.

Pili, kwa sisi wakaaji wa kambi: tutumie majiko yanayobana kuni, tuloweke maharagwe usiku, tupande miti ya kuni yetu wenyewe, wala tusikate kando ya vijito. Wenyeji wa vilima wanatutazama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusiwe wageni walioacha kilima kikiwa kipara.

Tatu, kwa wazee: wafundisheni watoto majina ya miti, ya kwetu na ya hapa. Warundi wana mti uitwao umuvugangoma, ambao hutengenezewa ngoma zao kuu, zile ambazo ulimwengu ulizitambua kupitia UNESCO mwaka 2014. Mti huo ukitoweka, ngoma itatoka wapi? Kila kabila letu lina miti ya namna hiyo, ya dawa, ya mizinga, ya kiapo. Mzee anayekufa bila kutaja majina hayo huondoka na msitu mzima.

Siku ya kurudi nyumbani itakapofika, tutakuta nyumba zimeanguka. Hizo tutazijenga kwa miezi michache. Msitu haujengwi hivyo. Tuwalee basi watoto watakaoujua na kuutunza, na kazi hiyo tuianze huku huku ugenini.