Koo la Mtoto, Moyo wa Binti

Leo twasema nanyi, akina dada vijana.

Tumezoea kudhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee na matajiri. Sivyo. Huku kwetu moyo wa binti huweza kuharibika kwa sababu ya koo. Mtoto huumwa koo, twampa maji ya chumvi, anapona, twasahau. Lakini koo lile lisipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, na mwili, ukipigana na vijidudu, hujeruhi milango ya moyo. Miaka hupita. Binti hushika mimba, damu huongezeka, moyo hulemewa. Huhema akipanda kilima kidogo, halali ila kwa mito miwili, miguu huvimba. Nasi twasema, "Ni mimba tu." Wengine (twaona haya kusema) hunong'ona kwamba amerogwa.

Dada, ukiona dalili hizo, nenda ukapimwe. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, hupiga picha ya moyo. Aliyekwisha kupata homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Asiiache kwa kuwa ameombewa. Maombi hayajapata kukataza sindano.

Nawe mama, mtoto akilia koo usiku huu, kesho asubuhi mpeleke zahanati.