Flashi ya Kikundi: Tununue Ipi?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Donholm, Nairobi

Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya mikopo, na nitasema. Lakini naanza na kitu kidogo kuliko kidole, yaani flashi.

Kikundi kimoja ninachokitembelea hapa Donholm kilihamisha hesabu kutoka daftari hadi kompyuta. Kila baada ya mkutano katibu alienda saiba, akaandika michango na mikopo, akairudisha flashi mkobani pamoja na funguo na sarafu. Daftari wakaliacha. Siku moja mtu aliyekuwa akipita akaigonga ikiwa imechomekwa. Ikapinda, na kompyuta haikuiona tena. Mkutano uliofuata mama mmoja alisema amebakiza deni la elfu mbili; mweka hazina akasema ni elfu sita. Nani angewaamua? Hawa ni watu waliozika wafu wao pamoja, na walinuniana miezi mingi.

Mimi pia nimeponzwa. Nilinunua kwa mchuuzi flashi iliyoandikwa terabaiti 1, kwa bei ya sahani mbili za chakula. Nikajiona mjanja! Picha za semina ziliingia zote na majina yakaonekana, lakini zilizofunguka ni za mwanzo tu. Flashi ya namna hiyo imefundishwa uongo: nafasi yake ni ndogo, lakini inaiambia kompyuta kwamba ni ghala. Ikishajaa, yanayofuata yanapotea au yanafuta ya kwanza, na kompyuta haitoi onyo lolote.

Basi tununue ipi? Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000 zikibeba megabaiti 8, na watu walishangaa kwa sababu disketi ilibeba 1.44 tu. Kumbukumbu za mkutano mmoja, zikiwa maandishi matupu, hazifiki hata megabaiti moja. Kwa hiyo gigabaiti 16 au 32 inatutosha kabisa, na pesa zinazobaki tuziweke kwenye umbo.

Zile za plastiki zinazosukumwa mbele na nyuma huingiza vumbi, na vumbi la Outer Ring mnalijua. Zenye kifuniko, kifuniko hakimalizi mwezi. Mimi huchagua ya chuma, kipande kimoja, fupi, yenye tundu la kupitisha utepe. Ufupi si urembo. Mdomo wa flashi umeshikwa na kibao cha ndani kwa lehemu, na flashi ndefu ikigongwa ubavuni hufanya kazi kama mtaimbo: lehemu inapasuka.

Kuichomeka msiogope. Mdomo wa kawaida wa USB hutengenezwa ustahimili angalau mara 1,500, na mara moja kwa siku hiyo ni zaidi ya miaka minne. Hatari ni kuichomoa ingali inaandika. Mwambieni kijana wa saiba aitoe kwanza kwenye kompyuta, ndipo mchomoe.

Mkinunua, chukueni risiti, na muijaribu siku hiyo hiyo. Ijazwe hadi pomoni, ichomolewe, ichomekwe tena, kisha mfungue faili za mwanzo na za mwisho. Kuna programu ya bure, H2testw, inayofanya kazi hiyo yenyewe. Inachukua muda, kunyweni chai. Mwenye duka asiyetaka kutoa risiti, mwacheni na flashi zake.

Halafu virusi. Kompyuta ya saiba hupokea flashi za kila mtu. Mkiona folda zenu zimegeuka vialama vyenye mshale, msikubali mtu aifomati haraka. Mara nyingi kazi haijafutwa, imefichwa tu.

Kwa sababu hiyo nasema tununue mbili. Moja iende saiba ikibeba kinachochapishwa siku hiyo. Ya pili ibaki nyumbani kwa mtu asiye katibu, na kila mwezi inakiliwe hesabu zote mbele ya watu wawili. Orodha ya namba za vitambulisho isiende saiba ovyo. Iwekwe kwenye faili yenye neno la siri. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu, na sisi pia inatuhusu.

Hiyo ya nyumbani msiifungie sandukuni mkaisahau. Kazi iliyomo imeshikwa na chaji ndogo sana ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole kwa miaka. Na daftari, jameni, liendelee kuandikwa.

Kile kikundi kilipata sehemu ya hesabu zake kwenye ujumbe wa M-Pesa katika simu za wanachama. Deni la yule mama liliamuliwa kuwa elfu nne, na hakuna upande ulioridhika.

Haya, aliye na flashi mkobani aitoe tuiangalie, kisha twende kwenye mikopo.