Sanduku la Kufuli Tatu: Mshikamano wa Maskini na Wajibu wa Wenye Nacho

Mwaka 1991, huko Maradi, kusini mwa Niger, wanawake wa vijijini walianza kuweka akiba kwa utaratibu ulioandaliwa na shirika la CARE. Hawakupewa mtaji. Walifundishwa kuukusanya wenyewe, kukopeshana na kugawana faida. Utaratibu huo ulivuka mipaka, na nchini Tanzania ukazaa vikundi vya kuweka na kukopa viitwavyo VICOBA.

Siku ya kikao sanduku la chuma huwekwa katikati. Lina kufuli tatu, na kila ufunguo unatunzwa na mwanachama wake. Asipofika mmoja, halifunguki. Kila mtu hununua hisa, kwa kawaida moja hadi tano, na mhuri hugongwa kwenye kijitabu chake mbele ya macho ya wote. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa aliyefiwa au aliyeuguliwa. Mkopaji hulipa riba, lakini riba hiyo hurudi kwenye sanduku ambalo naye ana hisa zake. Akienda kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa “kausha damu”, riba haimrudii kamwe, na akichelewa hubebewa hata kitanda.

Hilo ni jambo kubwa, na wanaolidharau hawajawahi kutafuta ada ya mtoto usiku wa kuamkia shule kufunguliwa.

Hata hivyo, utafiti kuhusu vikundi vya aina hii uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, ukachapishwa mwaka 2017, uliona biashara za kaya zikiimarika na wanawake wakipata sauti zaidi, ila haukuona wastani wa matumizi ya kaya ukipanda. Haishangazi. Fedha inayozunguka sandukuni ni ya watu wenye hali moja. Mvua ikigoma, imewagomea wote. Na asiyeweza kununua hata hisa moja hubaki nje ya kikundi, ilhali ndiye mwenye shida kuliko wote.

Kwa hiyo pengo haliwezi kuzibwa na maskini peke yao. Sheria ya Tanzania imelitambua hilo: tangu 2018 halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisitishwa, baada ya malalamiko ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya.

Lakini kasoro kubwa zaidi bado ipo. Asilimia 10 ya halmashauri ya Kinondoni, yenye maduka, hoteli na ofisi, ni fedha nyingi. Asilimia 10 ya Kakonko, mkoani Kigoma, ni kidogo mno, na huko ndiko mahitaji yaliko makali. Mhadhara huu unapendekeza sheria irekebishwe, ili sehemu ya fungu la halmashauri tajiri iingie katika mfuko mmoja wa taifa na kugawiwa kwa kufuata kiwango cha umaskini wa kila wilaya.