Mtoto Anapojiuliza "Mimi Ni Nani?": Saikolojia Kidogo Kuhusu Jinsia na Vijana Wetu



Ndugu msomaji, mada hii niliitoa mbele ya vijana na wazazi hapa Magongo, baina ya alasiri na magharibi, saa ambayo tumbo lasikika kuliko msemaji. Nimeombwa niiandike, nami nimeyaacha maneno ya mdomo karibu kama yalivyotoka. Nasoma saikolojia chuo kikuu, na kabla ya hapo nilisoma madrasa. Wapo wanaodhani masomo haya mawili yapigana. Tusome kwanza.

Tuanze na maneno, maana ugomvi mwingi katika jambo hili ni wa maneno tu. Kuna mambo matatu ambayo sisi tumeyafunga furushi moja. La kwanza ni mwili, yaani maumbile aliyozaliwa nayo mtoto. La pili ni vile anavyojijua ndani ya nafsi yake, kwamba mimi ni mvulana au mimi ni msichana. Hili ndilo wataalamu huliita utambulisho wa kijinsia. La tatu ni kazi na mwenendo ambao jamii imegawa: huyu apike, huyu apande juu ya paa, huyu asilie. Kwa watu wengi matatu haya huenda pamoja maisha yote wala mtu hayafikirii. Lakini si kitu kimoja. Mzazi asiyeyatenganisha atampiga mtoto kwa sababu ya la tatu, akidhani anatibu la pili.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, alieleza kwamba mtoto hujifunza jinsia yake kwa hatua, kama anavyojifunza kuhesabu. Afikapo miaka miwili au mitatu aweza kusema yeye ni mvulana au msichana. Lakini bado hajui kwamba jambo hilo ladumu. Mvulana wa miaka mitatu aweza kukwambia kwamba akikua atakuwa mama, na asione tatizo. Akiwa na minne au mitano ajua kwamba akikua atakuwa mwanamume, ila bado huchanganywa na mavazi: mvishe kaka yake buibui, huenda akasema kaka amegeuka. Ni kuanzia miaka sita au saba hivi ndipo afahamu kwamba nguo haimgeuzi mtu. Kwa hiyo, mama zangu, mtoto wa miaka mitatu anayezunguka nyumba na viatu vyako vya harusi na mtandio kichwani yuko darasani. Kofi la nini?

Mwanasaikolojia mwengine, Sandra Bem, aliandika 1981 kwamba mtoto hujitengenezea akilini kitu mfano wa kabati la droo mbili, moja ya kike na moja ya kiume, kisha kila anachokiona hukitia humo: rangi, michezo, kazi, hata hasira na machozi. Anayemwonyesha kipi kiende wapi ni sisi. Na droo hizi hazifanani kila mji. Kwetu pwani fundi cherehani ni mwanamume, na hakuna anayemcheka kwa kushika sindano. Nyumbani pilau ni ya mama, lakini siku ya harusi sufuria kubwa na mwiko mrefu hushikwa na wanaume waliofunga vikoi, na ole wake mwanamke atakayewaambia chumvi imezidi! Pilau ni ile ile. Basi kijana wa kiume akimsaidia mamake kuchoma kaimati mwezi huu, mbona aitwe jike? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake wa nyumbani. Kijana atukanwa kwa kufuata sunna, na anayemtukana amekaa kibarazani angoja futari iletwe.

Sasa wengine watasema: kama malezi yajaza droo, basi malezi yaweza kufanya chochote. Hapana. Kuna kisa kinachofundishwa katika vyuo vingi duniani. Mwaka 1965 huko Winnipeg, Kanada, walizaliwa mapacha wavulana. Mmoja wao, akiwa bado mchanga, aliharibiwa uume hospitalini katika tohara. John Money, mtaalamu mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliwashauri wazazi wamlee kama msichana. Akapewa jina la kike, nguo za kike, baadaye na homoni. Kwa miaka mingi Money aliwaambia wenzake kwamba jambo limefaulu. Halikufaulu. Mtoto alikuwa na huzuni, alichekwa shuleni, na hakujiona msichana hata siku moja. Alipokuwa na miaka 14 babake alimwambia ukweli, naye akarudi kuishi kama mwanamume, akajiita David Reimer. Dunia ilijua ukweli wa mambo 1997. Mwaka 2004 alijitoa uhai, akiwa na miaka 38.

Nakitaja kisa hiki kwa kuwa chatuuma pande zote. Anayedhani utambulisho ni nguo inayovuliwa na kuvaliwa kwa amri, na ajibu. Na anayedhani kijana aweza kunyooshwa kwa bakora mpaka nafsi yake iseme tutakalo, na ajibu vilevile. Watu wazima wenye elimu walimlazimisha mtoto, na hawakumsikiliza alipokuwa akisema.

Katika Safina, kitabu cha fiqhi ambacho wengi wetu tulikisoma tukiwa wadogo, mlango wa kumfuata imamu una sura tisa: tano zasihi na nne hazisihi. Katika hizo tisa, sura tano zamtaja huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake hayako wazi kuwa ya kiume au ya kike. Tulizihifadhi kwa sauti, huku tukitikisa vichwa, na sidhani kama kuna aliyemuuliza ustadhi kama ashawahi kumwona mtu huyo. Wanazuoni walimpangia nafasi yake katika safu ya sala na fungu lake katika mirathi. Hawakumkana. Serikali ya Kenya ilianza kuwahesabu watu hawa katika sensa ya 2019, na waliohesabiwa walikuwa 1,524. Sheria ya watoto ya 2022 nayo yawataja kwa jina. Mafakihi walitangulia kwa karne nyingi, lakini mtaani mtoto kama huyo bado hufichwa.

Imam Nawawi, aliyefariki 1277, alipofafanua hadithi kuhusu wanaume wenye mwenendo wa kike alitofautisha watu wawili: aliyeumbwa hivyo bila ya kujitia, ambaye hana lawama wala dhambi kwa hilo, na anayejitia kwa makusudi. Katika vibaraza vyetu tofauti hiyo haipo. Sauti nyembamba tu yatosha mtu kupewa jina litakalomfuata mpaka ndoa yake.

Halafu yuaja ujana, na hapa mambo huwa mazito. Erik Erikson, aliyezaliwa Frankfurt 1902, alisema kazi kubwa ya nafsi baina ya miaka 12 na 18 hivi ni kujibu swali "mimi ni nani?" Yeye mwenyewe hakumjua babake mzazi, na jina la Erikson alijipa ukubwani. Umri huu sauti yavunjika, hedhi yaingia, mwili wabadilika bila ruhusa ya mwenyewe. Kijana hujaribu mitindo, nywele, marafiki. Mengi hupita. Si kila jikedume anayependa mpira ana tatizo la jinsia. Huenda ana miguu mizuri tu.

Wapo pia vijana, si wengi, ambao maumbile yao hayana utata, lakini nafsi yao yaeleza jengine, na jambo hilo halipiti, nao huumia kwalo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022, halihesabu tena hali hii kuwa ugonjwa wa akili. Mtu huyu afanye nini na asifanye nini kisheria, hilo ni la maulamaa, wala mimi si mufti. Ninachokijua ni kwamba kijana akichekwa msikitini atauacha msikiti, na akifukuzwa nyumbani, hapa kwetu Magongo, atalala kule yanakolazwa malori. Mnajua kinachowapata watoto kule.

Baada ya mada mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, binti yangu ana miaka 13. Tangu avunje ungo avaa sweta kubwa jua hili lote, na madrasa hataki. Ndiyo mambo haya?"

Nilimwambia: Mama, sijui, na wewe hujui bado. Huenda aona haya na mwili wake mpya, wengi huwa hivyo. Huenda kuna mtu mzima anamgusa njiani au ndani ya nyumba, na sweta ndiyo ngao yake; hilo liangalie mwanzo. Huenda ni haya niliyoyaeleza. Muulize mkiwa wawili, mkisukuma mahamri, si mbele ya kaka zake. Ukimuona halali, hali, au ataja kufa, usingoje Idi: hospitali ya Port Reitz ni hapa hapa Changamwe, ina wataalamu wa afya ya akili, na si ya "wendawazimu" kama tunavyoisema. Pia kuna namba 116 ya watoto, ni bure.

"Na akiniambia ni hilo la mwisho?"

Nikamwambia asimpe hukumu usiku huo. Amwambie amesikia, amlaze, kisha aje tumtafute mtaalamu, na sheikh mwenye subira. Hapo adhana ilikuwa karibu. Maswali mengine yaliyobaki kwenye vikaratasi yatajibiwa toleo lijalo, inshaAllah.