Jasho Lisilo na Njia: Kitambaa, Kucha na Glavu ya Mwanaanga

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Samuel Strauss alichambua taarifa za mazoezi 770 ya suti za anga katika bwawa la mafunzo la NASA huko Houston. Yaliandikwa malalamiko 352, na karibu nusu yake yalihusu mikono. Wengi wa waliolalamikia mikono, kucha zao zilikuwa zinabanduka kutoka kwenye nyama. Sababu zilizoshukiwa ni mbili: unyevu uliozidi ndani ya glavu, na ncha za vidole kugandamizwa.

Sababu hizo mbili ni ndugu. Tarehe 18 Machi 1965, mwanaanga wa Kisovieti Alexei Leonov alipotoka nje ya chombo cha Voskhod 2, suti yake ilivimba hadi vidole vikaachana na ncha za glavu, akalazimika kupunguza hewa ya suti ili aweze kurudi ndani. Glavu iliyolegea haishiki kitu. Basi ikabanwa. David Scott, aliyetembea Mwezini mwaka 1971 katika safari ya Apollo 15, alitaka vidole vyake vifike kabisa mwisho wa glavu ili apate kuhisi anachoshika, na kucha zikamlipisha kwa maumivu makali. Glavu inayobana vile huacha nafasi finyu mno ya hewa kupita, na kiganja ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi zaidi za jasho.

Mwanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga hufanya kazi nje kwa saa sita au zaidi, na kila anapokunja vidole hushindana na glavu iliyojaa oksijeni. Vazi la kupoza mwili analovaa ndani lina takriban mita 90 za mirija ya maji, lakini halifuniki viganja. Mfuko wa ndani wa glavu, uliotengenezwa kuzuia oksijeni isitoroke, huzuia mvuke wa jasho pia.

Hapo ndipo kitambaa cha kuvuta jasho kinapoitwa. Pamba haifai: nyuzi zake hunywa maji, zikavimba na kubaki zimelowa juu ya ngozi. Poliesta hainywi karibu chochote, na polipropileni hainywi kabisa kwa kiwango cha kuhesabika, kwa hiyo maji husafiri katika mianya iliyo kati ya nyuzi kwa nguvu ya kapilari. Mwaka 1986 kampuni ya DuPont ilitoa Coolmax, poliesta yenye mifereji kwenye kila uzi ili kuongeza mwendo huo. Kapilari haihitaji mvutano wa dunia, na hiyo ni bahati kubwa, maana angani jasho halidondoki: hung'ang'ania ngozi.

Hata hivyo, mhadhara huu unashikilia kwamba kitambaa pekee hakitoshi. Utambi wa kandili huendelea kupandisha mafuta kwa sababu mwali unayachoma juu. Uzime mwali, na mafuta yatasimama. Ndani ya glavu hakuna mwali. Kitambaa hulihamisha jasho hatua chache, hulowa chote, kisha ngozi hulainika na kucha hulegea kama kawaida. Kinachokosekana ni njia ya kutokea.

Njia hiyo haiko mbali. Suti ya sasa ya Marekani huingiza oksijeni kwenye kofia na kuivuta tena kupitia mifereji inayoanzia kwenye mikono na miguu. Kitambaa kikifumwa kipande kimoja, kutoka ncha za vidole hadi juu ya kifundo cha mkono ambako hewa inapita, jasho litapata pa kukaukia. Angani, kanieneo ndani ya suti ni chini kidogo ya theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari, na katika hewa nyembamba hivyo mvuke husambaa kwa kasi zaidi ya mara tatu. Bwawani mambo ni kinyume, kwani suti hujazwa kupita kanieneo ya maji yanayoizunguka, na mvuke husambaa polepole. Wanaofanya mazoezi Houston ndio wanaostahili kitambaa bora kwanza.

Utafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha kubanduka kwa kucha na ukubwa wa kiganja, hivyo umbo la glavu nalo lazima lirekebishwe. Lakini maabara za nguo bado hupenda kupima jinsi kitambaa kinavyomeza tone la maji upesi. Kwa glavu ya anga, kipimo cha kufaa ni gramu za mvuke zinazopita kwenye kifundo cha mkono kwa saa, mkono ukiwa kazini.