Mimba Hii, Uliitaka?

Msikilizaji, vijiji vya Tezo, hapa juu ya Kilifi mjini kwenye barabara ya Malindi, vimezoea kuhesabiwa. Tangu mwaka 2000 watafiti wa Kemri na Wellcome Trust wanapita nyumba hadi nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama na nani ana mimba. Leo nina neno kuhusu swali moja wanaloulizwa akina mama katika tafiti za uzazi wa mpango.

Kwenye utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, kama ule wa 2022, mama aliyejifungua huulizwa: uliposhika mimba hii, ulitaka iwe wakati ule? Akisema la, anaulizwa kama aliitaka baadaye au hakutaka tena mtoto. Kisha wanaendelea na mengine.

Sasa mtazame huyo mama. Yuko mkekani, mtoto ananyonya. Mtoto amekwisha kupewa jina la babu yake. Mamamkwe anamenya muhogo hapo karibu, kila neno analisikia. Nani atatamka mbele ya hao kwamba huyu sikumtaka? Atasema nilimtaka, wala hadanganyi, maana leo anampenda kweli. Lakini swali lilikuwa la mwaka jana, mume alipokuwa hana kibarua na siku ya sindano ya kupanga uzazi ilipita kwa kukosa nauli ya kwenda zahanati.

Jibu hilo linakwenda mbali. Kwa hilo wanakadiria mimba zisizotarajiwa, na kwa maswali mengine ya aina hiyo wanahesabu wanawake wanaotaka kupumzika kuzaa na hawatumii njia yoyote. Hesabu hizo ndizo zinazowekwa mezani bajeti ya vijiti na sindano inapojadiliwa.

Wapo waliotafuta njia bora. Uingereza, mwaka 2004, Geraldine Barrett na wenzake walitoa kipimo cha maswali sita. Ulikuwa ukitumia kinga? Wakati ulikufaa? Mlikubaliana na mwenzako? Ulijiandaa kiafya? Alama zinaanzia 0 hadi 12, na katikati pameachwa nafasi pana ya mama ambaye moyo wake ulikuwa huku na huku. Kipimo hicho kimejaribiwa Malawi kwa Kichewa na kikafaa. Huko huko Malawi, wilayani Balaka, kuanzia 2009 watafiti waliwarudia wanawake vijana kila miezi minne, wakaona nia ya kuzaa inavyogeuka maisha yanapogeuka.

Hapa kwetu wa kupita nyumba hadi nyumba wapo tayari. Basi mwanamke aulizwe kabla hajashika mimba, aulizwe faraghani, kisha arudiwe. Akiulizwa anataka watoto wangapi naye akajibu "namwachia Mungu", asikazaniwe kutaja idadi. Wengine wanasema hivyo kwa imani, wanaogopa kukufuru. Wengine ni kwa sababu uamuzi uko kwa mume, na hilo nalo kaunti inapaswa kulijua. Liandikwe jinsi lilivyosemwa, na lihesabiwe peke yake.

Nanyi akina mama wa Tezo, mnayo haki ya kumwambia mhojaji tusogee kando kwanza, na haki ya kujibu kwamba bado hamjaamua.