Mtoto Kwanza: Uandaaji wa Nyaraka za Maombi ya Kukaa na Mtoto
Mada kwa semina ya wasaidizi wa kisheria, Tanzania

1. Utangulizi



Mteja anayegombea mtoto huanza kwa kutusimulia nani alimkosea nani. Tukiyaandika yote kama alivyoyasema, tunafikisha mahakamani ugomvi wa watu wazima, na mtoto anabaki jina na umri tu. Hoja yangu ni kwamba kila aya ya nyaraka hizi imwoneshe hakimu mtoto anaishije leo na ataishije baada ya amri.

2. Kuchagua njia

Wanandoa wakidaiana talaka, suala la watoto huombwa ndani ya shauri hilohilo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Hapo huambatishwa hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa inayoonesha kuwa usuluhishi umeshindikana. Pasipo shauri la talaka, au kama wazazi hawakuoana, mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto ya 2009. Maombi haya hayadai hati ya Baraza. Tusimzungushe mteja bure.

3. Hakimu anatafuta nini

Wengi hudhani mtoto wa chini ya miaka 7 ni wa mama moja kwa moja. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana hiyo, lakini inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinataja mengine ya kuzingatiwa: umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa kwa hiari, ndugu wa tumbo moja kutotenganishwa, na malezi kutokatizwa. Haya ndiyo yawe mifupa ya kiapo kinachoambatana na maombi.

4. Kuandika kiapo

Kiapo ni ushahidi, kwa hiyo kinabeba mambo, si hasira wala mabishano ya sheria. Tazameni aya hii: “Mjibu maombi ni mlevi asiyejali watoto.” Hakimu hana cha kupima hapo. Sasa linganisheni: “Mtoto anasoma darasa la pili. Tangu ahamishiwe kwa mjibu maombi mwezi Machi amekosa shule mara kwa mara, kama inavyoonekana kwenye nakala ya daftari la mahudhurio, kiambatisho A.” Aya ya pili haina tusi hata moja, na ndiyo nzito zaidi.

Jambo ambalo mteja aliambiwa na mwalimu au jirani liandikwe hivyo, na chanzo kitajwe kwenye aya ya uthibitisho ya kiapo. Kabla ya kutoka kwa Kamishna wa Viapo, hakikisheni mahali na tarehe ya kuapa vimejazwa. Kiapo kizuri kinaweza kutupwa kwa upungufu huo.

5. Viambatisho na maombi

Cheti cha kuzaliwa kinatangulia. Kama hakipo, mteja aelekezwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Kisha zifuate kumbukumbu za shule na kliniki, pamoja na stakabadhi za ada au matunzo. Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii achunguze na kutoa taarifa. Atakayoyakuta nyumbani yasipishane na tuliyoyaandika.

Kwenye maombi yenyewe, “nipewe mtoto” haitoshi. Tuombe pia utaratibu wa mzazi mwingine kumwona mtoto: siku zipi, likizo atakuwa wapi, atakabidhiwa mahali gani, na nani analipa ada na matibabu. Amri isiyosema hayo huwarudisha wazazi mahakamani.

6. Mapendekezo

(a) Mahojiano ya kwanza yaanze na ratiba ya siku moja ya mtoto: nani anamwamsha, nani anampeleka shule, analala wapi.
(b) Mteja asomewe kiapo chote kabla ya kuapa, aeleze kwa maneno yake anachoapia.
(c) Aya isiyomhusu mtoto ifutwe, hata kama mteja anaipenda kuliko zote.